UZI: Safari ya meli imekatwa katikati na Juni 30, siku ya kufunga hesabu. Mapato yaandikwe kiasi gani, na kodi inalipwa wapi?

Leja_ya_Bahari (mleta uzi)

Wakuu, naweka hesabu nzima mezani ili tubishane kwa namba. Kwanza tuelewane maneno, maana Kiswahili kinatutega hapa: "kodi ya meli" inaweza kuwa ya serikali na inaweza kuwa ya mwenye chombo. Humu malipo ya kukodi meli tuyaite pango, neno kodi tuliachie serikali. Aliyeichukua meli ni mkodi. Saa nimeziandika kama zilivyo kwenye makaratasi ya meli: 0800 ni saa mbili asubuhi, asije mtu akasoma saa nane.

Meli ni ya shehena kichele, mkataba wa safari moja, tani 50,000 kwa dola 24 kila tani. Nauli ya shehena ni dola 1,200,000. Kamisheni ya mkodi asilimia 2.5, ya dalali asilimia 1.25. Inapakia Marekani, inapakua kwenye bandari ya Umoja wa Ulaya.

Juni 6, 0000: imemaliza kupakua mzigo wa safari iliyopita, inaondoka tupu.
Juni 9, 0000: mkataba wa safari hii unafungwa, meli iko njiani.
Juni 14, 0000: inafika na kutia nanga nje ya bandari. Notisi ya utayari (taarifa kwa mkodi kwamba meli iko tayari kupakia) inatolewa 0800.
Juni 16, 0000: kupakia kunaanza.
Juni 20, 2000: kupakia kumekwisha, inaondoka.
Julai 14, 0000: makadirio ya kumaliza kupakua.

Juni 26 imeingia benki asilimia 95 ya nauli kasoro kamisheni ya mkodi, yaani 1,110,000.

Rasimu ya hesabu imetumia kanuni ya "kupakua hadi kupakua": siku 38 kwa jumla, zilizopita hadi usiku wa manane wa Juni 30 ni 25. 1,200,000 × 25/38 = 789,474. Mkaguzi kairudisha bila maelezo marefu. Kosa liko wapi? Na upande wa kodi, nchi gani ina haki na nauli hii?

---

Nanga_Mbili

Makosa ni mawili, na yote yanavimbisha mapato.

La kwanza ni mwanzo wa kuhesabu. Kanuni ya kupakua hadi kupakua ilikubalika zamani. Tangu IFRS 15, kiwango cha kimataifa cha hesabu za mapato ya mikataba, ianze Januari 1, 2018 haina pa kusimama. Unachomuuzia mteja ni kusogeza mzigo wake kutoka bandari A hadi B. Meli inapokuja tupu, mzigo bado uko nchi kavu, mteja hajapata chochote. Kwa hiyo mapato yanaanza kupakia na yanaishia kupakua. Juni 16 hadi Julai 14 ni siku 28, zilizopita ni 15.

La pili ni kamisheni ya mkodi. Hiyo ni fedha unayomrudishia mteja wako mwenyewe, kwa hiyo inapunguza bei, haikai kwenye gharama. Bei ni 1,170,000. Ile ya dalali, 15,000, ni habari nyingine: ni gharama ya kupata mkataba, na kwa kuwa safari haifiki mwaka unaruhusiwa kuiandika gharama moja kwa moja.

1,170,000 × 15/28 = 626,786. Rasimu ilizidisha kwa dola 162,688. Kwenye meli moja. Mwenye meli kumi zilizokatwa katikati ya safari siku moja afanye hesabu mwenyewe.

Mizania: benki 1,110,000, mapato 626,786, tofauti 483,214 ni deni la mkataba kwa mteja. Usiliite mapato yaliyoahirishwa ukalisahau humo. Julai lazima life lote.

---

Kichele

Swali kwa Nanga_Mbili. Kama mapato ya siku kumi za mwanzo hayapo, mafuta ya siku hizo kumi yanakwenda wapi? Ukiyapiga yote gharama, Juni inaonekana hasara na Julai neema, na meli ni ile ile.

---

Nanga_Mbili

Hapo ndipo tarehe ya kufunga mkataba inapopata kazi, na ndiyo maana nilifurahi mleta uzi kaiweka. Wengi hawaiandiki kabisa kwenye faili la safari.

IFRS 15 inaruhusu gharama za kujiandaa kutimiza mkataba zikae kwenye mizania, kwa masharti: zihusiane na mkataba mahususi, zizalishe uwezo wa kuutimiza, na zitarajiwe kurudi. Mkataba ambao bado haujafungwa, na hautambuliki hata kama unaotarajiwa, si mkataba mahususi. Kwa hiyo safari tupu inakatwa vipande viwili.

Tuseme meli tupu inachoma tani 22 kwa siku, na 3 ikiwa imetia nanga, wastani wa dola 600 kwa tani.

Juni 6 hadi 9, siku 3 kabla ya mkataba: 66 × 600 = 39,600. Gharama ya Juni, yote, leo hii.
Juni 9 hadi 14, siku 5 baada ya mkataba: 110 × 600 = 66,000.
Juni 14 hadi 16, siku 2 kwenye nanga: 6 × 600 = 3,600.

Mbili za mwisho ni 69,600. Zinakaa kwenye mizania, kisha zinakatwa kwa mwendo ule ule wa mapato: 15/28, yaani 37,286 inakwenda gharama Juni, na 32,314 inabaki hadi Julai.

Mishahara ya mabaharia, bima na uchakavu wa siku hizo usiviingize humo. Vingekuwepo hata meli ingekaa bila kazi.

---

Tishari

Naongezea: kuna kampuni zinazoanza kuhesabu mapato kwenye notisi ya utayari badala ya kuanza kupakia. Kwa mfano huu mwanzo ungekuwa Juni 14. Hoja yao ni kwamba meli imeshakuwa chini ya amri ya mkodi. Mimi sipendi, maana mzigo bado uko ghalani. Lakini lisilovumilika kabisa ni kutumia hii kwa meli moja na ile kwa nyingine kulingana na robo mwaka inavyotaka kuonekana. Sera iandikwe, ifuatwe.

---

Dimareji_Tu

Mmesahau pesa iliyoko kwenye saa. Wekeni masharti ya kupakia: tani 12,500 kwa siku ya hali ya hewa ya kazi, Jumapili na sikukuu zinahesabika, saa 12 za maandalizi baada ya notisi, dimareji (malipo ya mkodi kwa kuichelewesha meli) 18,000 kwa siku, dispachi (anachorudishiwa akiwahi) nusu yake.

Muda alioruhusiwa mkodi: 50,000 ÷ 12,500 = siku 4. Notisi 0800 Juni 14, saa zinaanza kuliwa 2000. Siku 4 zinaisha Juni 18, 2000. Kupakia kumeisha Juni 20, 2000. Mhasibu wa haraka anaandika siku 2, dola 36,000, anafunga faili.

Sasa soma taarifa ya matukio bandarini. Tuseme mvua ilinyesha Juni 17 saa 10 na Juni 19 kuanzia 1500 hadi 2100. Mvua ya Juni 17 imeanguka ndani ya muda wa mkodi, kwa hiyo haihesabiki na muda unasogea hadi Juni 19, 0600. Mvua ya pili imeanguka baada ya hapo. Meli ikishaingia kwenye dimareji hubaki kwenye dimareji, mvua hainyamazishi saa, isipokuwa mkataba umesema vingine. Hivyo ni saa 38, si 48 wala 32.

38/24 × 18,000 = 28,500. Toa kamisheni ya mkodi asilimia 2.5, maana kwa kawaida inakata hadi dimareji: 27,787.50.

Na hii si mapato ya pembeni. Ni bei inayobadilika ya mkataba ule ule, inajumlishwa na nauli na kugawanywa vivyo hivyo. (1,170,000 + 27,787.50) × 15/28 = 641,672. Ukiona hoja ina mgogoro wa kweli, ingiza kile tu ambacho hutarajii kukirudisha. Ya bandari ya kupakulia usiiguse Juni 30, hakuna saa hata moja iliyoliwa kule.

Linaloua madai mengi si mvua, ni tarehe ya mwisho ya kuyawasilisha. Mikataba mingi ya meli za mafuta inatoa siku 90 tangu kupakua kuishe, na wanataka dai pamoja na karatasi zake zote. Dai limefika siku ya 88 bila notisi ya utayari iliyosainiwa? Hesabu kuwa halijafika. Kwa hiyo leja ya dimareji iwe na safu ya tarehe ya kufa kwa dai, pembeni ya kiasi.

---

Leja_ya_Bahari

Nimeelewa. Saa 38 sikuwa nimeziona, rasimu ilikuwa na 48.

---

Chombo_cha_Pili

Hiyo dola 600 ya wastani inanikera kidogo. Pwani ya Marekani iko ndani ya eneo la udhibiti wa salfa, maili 200 za baharini, na humo unachoma mafuta yenye salfa isiyozidi asilimia 0.10. Nje ya hapo ni asilimia 0.50 tangu Januari 1, 2020. Mediterania nayo imeingia kwenye 0.10 tangu Mei 1, 2025. Bei za mafuta hayo mawili hazilingani, kwa hiyo leja ziwe mbili, kila moja na FIFO yake (yaliyoingia kwanza yanahesabiwa kutoka kwanza). Wastani unaficha ukweli kwamba siku za bandarini na ukingoni ndizo ghali kwa tani.

Halafu hesabu ya mafuta yaliyobaki tarehe ya kufunga. Ripoti ya meli inatoka adhuhuri, hesabu zinafungwa usiku wa manane. Meli iliyobeba mzigo ikichoma tani 24 kwa siku, na ripoti ya adhuhuri ya Juni 30 ikisema zimebaki tani 412, usiku wa manane zimebaki 400. Ukiandika 412 umeacha gharama ya dola 7,200 nje ya mwezi. Na adhuhuri ya nani? Saa ya meli inasogezwa kila inapovuka ukanda wa saa. Chukua muda wa UTC, saa moja ya dunia nzima, kwa meli zote, la sivyo meli mbili zitafunga mwezi kwa saa tofauti.

Kingine kinacholeta kutolingana: risiti ya mafuta ni ya tani, tangi linapimwa kwa ujazo, na joto likibadilika ujazo unabadilika. Tofauti ndogo kati ya leja na vipimo ni ya kawaida. Tofauti inayokua upande mmoja mwezi baada ya mwezi si ya joto.

---

Mgeni_Gatini

Samahani wakuu, ingekuwa meli imetolewa kwa pango la muda, miezi 24, hesabu hizi zinabaki?

---

Tishari

Hapana, mkuu, hapo unahama kitabu. Pango la muda lina ukodishaji ndani yake, na kiwango chake ni IFRS 16, tangu Januari 1, 2019. Pango linagawanywa: chombo chenyewe, na huduma ya mabaharia na matengenezo. Mwenye meli lazima agawanye. Mkodi ana hiari ya kutogawanya, ila akiacha, huduma nayo inaingia kwenye deni lake na mizania inafura bila sababu.

Pango dola 14,000 kwa siku, huduma ikikadiriwa 6,500, chombo kinabaki 7,500. Siku 730 × 7,500 = 5,475,000 kabla ya kupunguzwa kwa riba. Hilo ndilo deni na haki ya kutumia meli kwa mkodi. Mkataba wa miezi 12 au pungufu usio na haki ya kununua unaweza kubaki nje ya mizania, lakini angalia chaguo la kuongeza muda: miezi 11 na chaguo la 6 ambalo mkodi hakika atalitumia ni miezi 17.

Ikitolewa meli tupu, yaani bila mabaharia (si bila mzigo), yote ni ukodishaji. Mkataba wa safari moja kwa kawaida siyo ukodishaji kabisa, unabaki IFRS 15.

Pango lenyewe hulipwa kabla, mara nyingi kila siku 15, kwa hiyo Juni 30 angalia limelipiwa hadi saa ngapi. Siku ambazo meli ilikuwa nje ya pango kwa kuharibika, mkodi atazikata kwenye malipo yajayo, na atakata pia mafuta yaliyochomwa muda huo. Mafuta ni yake: aliyanunua yakiwa ndani ya meli siku aliyoipokea, na mwenye meli atayanunua tena siku ya kurudishiwa.

---

Kichele

Na chelezo, kule meli inakotolewa majini kwa matengenezo? Maana meli hii hii ikipandishwa chelezo Septemba, ugomvi utaanza upya.

---

Nanga_Mbili

Kwa kifupi. Gharama ya chelezo ni kijenzi cha meli, inakatwa hadi chelezo kijacho. Ukaguzi mkubwa ni kila miaka 5, na tumbo la meli linakaguliwa mara mbili ndani ya miaka hiyo, bila kupitisha miezi 36 katikati.

Watu wanasahau meli mpya. Meli ya dola milioni 30 inakuja na chelezo ndani ya bei, hata kama ankara haisemi. Ukikadiria 1,200,000, hiyo inakatwa kwa miaka 5, 240,000 kwa mwaka. Mwili uliobaki ni 28,800,000. Thamani ya mabaki: uzito wa chuma wa meli tupu, tuseme tani 9,800, kwa dola 400 ya chuma chakavu, ni 3,920,000. Kwa miaka 25 uchakavu ni 995,200 kwa mwaka. Bei ya chuma chakavu inapitiwa kila mwaka, na ikibadilika unarekebisha miaka iliyobaki, hurudi nyuma.

Meli ikipanda chelezo mwaka wa 4 badala ya wa 5, 240,000 iliyobaki inafutwa siku hiyo hiyo. Usiilaze juu ya chelezo kipya. Na mafuta ya kwenda kwenye chelezo pamoja na siku zilizopotea havina nafasi kwenye mali.

---

Bendera_na_Makazi

Turudi kwenye kodi, mleta uzi aliuliza nchi gani ina haki. Jibu la bendera si jibu. Bendera inaleta ada za usajili na pengine kodi ya tani (inayopigwa kwa ukubwa wa meli, si kwa faida yake). Haki ya kutoza faida inafuata kampuni.

Kanuni mama ni ibara ya 8 ya mfano wa mkataba wa kodi kati ya nchi na nchi, ulioandikwa na shirika la OECD: faida ya kuendesha meli kwenye usafiri wa kimataifa inatozwa upande mmoja tu. Hadi 2017 mfano huo ulitaja nchi yenye usimamizi halisi wa kampuni. Marekebisho ya 2017 yakahamia nchi ya ukaazi wa kampuni. Mikataba iliyosainiwa kabla haijabadilika yenyewe, kwa hiyo fungua mkataba wako husika, usisome mfano. Mfano wa Umoja wa Mataifa umekuwa na njia mbadala inayoipa nchi ya bandari kipande pale safari zinapokuwa za mara kwa mara.

Angalizo: ibara ya 8 inalinda meli iliyokodishwa na mabaharia na vifaa vyake kamili. Meli tupu, isiyo na mabaharia, inalindwa tu ikiwa ni shughuli ya pembeni ya mwendesha meli. Kampuni isiyo na kazi nyingine zaidi ya kukodisha meli tupu inaweza kujikuta kwenye ibara ya faida za biashara au hata ya mirabaha, na kodi ya zuio juu yake.

Sasa Marekani, ambako mzigo huu umepakiwa. Safari inayoanza au kuishia Marekani, nusu ya mapato yake ni ya Marekani. Kifungu 887 cha sheria yao ya kodi kinatoza asilimia 4 ya mapato ghafi hayo, hakuna kutoa gharama. 1,200,000 × 50% × 4% = 24,000. Kwa maneno mengine asilimia 2 ya nauli nzima.

Msamaha upo, kifungu 883. Masharti yake makuu: kampuni iwe imesajiliwa kwenye nchi inayotoa msamaha kama huo kwa kampuni za Marekani (Liberia, Panama na Visiwa vya Marshall zimo), na umiliki upite mtihani. Ama hisa ziuzwe sokoni, ama zaidi ya asilimia 50 ya thamani ishikwe na watu wakaazi wa nchi zinazokubalika kwa angalau nusu ya mwaka wa kodi. Na fomu 1120-F, ritani ya kodi ya kampuni za nje, ijazwe. Hapa ndipo panapoungua: mtu ana sifa zote, hajajaza, kwa kuwa "sisi tumesamehewa". Msamaha unadaiwa kwa fomu, haujileti.

Kosa la pili la kawaida ni la mwenye meli aliyeitoa kwa pango la muda. Anadhani bandari za Marekani ni shauri la mkodi. Pango nalo ni mapato ya usafirishaji kwa macho ya sheria ile, na siku za safari zilizogusa Marekani zinahesabiwa. Bila kumbukumbu za safari kutoka kwa mkodi hutaweza kujaza kitu, kwa hiyo kipengele cha kupewa kumbukumbu hizo kiingie kwenye mkataba mapema.

Nchi nyingine zina mtindo wa faida ya kukisia. India, chini ya sheria yake ya 1961, ilikisia asilimia 7.5 ya nauli kuwa ndiyo faida ya mwenye meli wa nje, na meli ya kubahatisha (isiyo na safari za kudumu huko) haikupewa kibali cha kuondoka kabla kodi haijalipwa au kudhaminiwa. Wakala ndiye anayelipa, akikuletea kwenye hesabu ya bandari. Nani anaibeba mwisho wa siku ni kipengele kimoja cha mkataba: kodi juu ya mzigo na nauli, kodi juu ya meli. Kisome kabla ya kufunga bei.

---

Debiti_Kushoto

Na kwenye vitabu hizo 24,000 ziko wapi? Naziona zikiwekwa kwenye mstari wa kodi ya mapato.

---

Bendera_na_Makazi

IAS 12, kiwango cha hesabu za kodi ya mapato, inahusu kodi inayotegemea faida. Iliyopigwa juu ya nauli ghafi haitegemei faida, kwa hiyo iweke na gharama za safari. Kodi ya tani vivyo hivyo, na haizai kodi iliyoahirishwa.

---

Tani_Mia

Nilikuwa nasubiri kodi ya tani. Msingi wake si tani za mzigo wala uzito wa meli. Ni tani halisi za cheti cha vipimo cha mkataba wa 1969, na zile ni kipimo cha ujazo. Usizichanganye.

Uingereza, tangu 2000, faida ya siku kwa kila tani 100: pauni 0.60 kwa tani 1,000 za mwanzo, 0.45 hadi 10,000, 0.30 hadi 25,000, 0.15 zaidi ya hapo. Meli ya tani halisi 20,000:

10 × 0.60 = 6.00
90 × 0.45 = 40.50
100 × 0.30 = 30.00
Jumla 76.50 kwa siku, 27,922.50 kwa mwaka.

Hiyo ndiyo faida, bado si kodi. Kwa kiwango cha asilimia 25 kodi ni pauni 6,980.63. Ujerumani ngazi ni zile zile lakini euro 0.92, 0.69, 0.46 na 0.23: meli hiyo hiyo inatoa 117.30 kwa siku, 42,814.50 kwa mwaka, kisha kiwango cha mlipaji.

Watu wanaishia hapo na kushangilia. Upande wa pili: mwaka wa hasara unalipa vile vile, na hasara hiyo huendi nayo popote. Unafungwa humo kwa miaka, Ujerumani 10, Uingereza ilikuwa 10 na ikashushwa hadi 8 mwaka 2022. Uingereza inadai pia mafunzo ya mabaharia, usimamizi wa kimkakati na kibiashara ufanyike kule, na meli za kukodi zisizidi asilimia 75 ya tani zote. Riba ya akiba benki na mapato ya majengo havimo kwenye kapu la tani, vinatozwa kawaida. Ukichanganya gharama za vikapu viwili, mkaguzi wa kodi ataanzia hapo.

Kwa makundi yenye mapato ya euro milioni 750 na zaidi kuna kodi ya kima cha chini cha asilimia 15 duniani. Mapato ya usafiri wa kimataifa yametolewa, ila usimamizi lazima uthibitishwe uko nchi hiyo, shughuli za pembeni zisipite asilimia 50 ya mapato ya meli, na meli tupu ikikodishwa nje ya kundi mkataba usipite miaka 3. Mkataba wa meli tupu wa miaka 5 umeshatoka nje ya uzio.

---

Chombo_cha_Pili

Meli inakwenda Ulaya, basi kuna kaboni. Meli za ujazo ghafi 5,000 na zaidi zimo kwenye soko la vibali vya kutoa kaboni la Umoja wa Ulaya tangu 2024: asilimia 40 ya uchafuzi wa mwaka huo, 70 wa 2025, 100 kuanzia 2026. Safari ya kutoka nje inahesabiwa nusu, ukiwa gatini Ulaya ni yote. Vibali vinakabidhiwa Septemba 30 ya mwaka unaofuata.

Ichukulie safari hii kuwa ya 2026. Kutoka Juni 20, 2000 hadi Juni 30, 2400 ni siku 10 na saa 4, tani 24 kwa siku, jumla tani 244. Tuseme 32 ni mafuta mepesi ya ndani ya eneo la salfa na 212 mazito.

32 × 3.206 = 102.59
212 × 3.114 = 660.17
Jumla tani 762.76 za kaboni, nusu yake 381.38.

Hapo ni CO2 pekee. Tangu 2026 methane na oksidi ya naitrasi zimeongezwa. Deni la vibali 381 liko tayari Juni 30, liandike kwa bei ya soko ya siku hiyo au kwa bei ya vibali ulivyokwisha nunua, kwa sera moja. IFRS haina kiwango maalumu cha vibali, tafsiri ya IFRIC 3 iliondolewa 2005, kwa hiyo sera yako ndiyo itakayosomwa.

Wanaosubiri bili ya Septemba mwaka unaofuata ndio wanaoshtuka. Na kwenye pango la muda, mkodi akikuletea vibali badala ya fedha, usivifiche kwa kuvikata na deni. Mwenye jukumu mbele ya mamlaka ni kampuni ya meli, hata mkodi akifilisika.

---

Leja_ya_Bahari

Marekebisho ya Juni, niambieni kama kuna shimo:

Mapato 641,672, pamoja na dimareji.
Mafuta ya safari tupu kabla ya mkataba 39,600.
Gharama za kujiandaa zilizokatwa 37,286, zilizobaki mizaniani 32,314.
Dalali 15,000.
Mafuta ya kupakia na ya njiani kwa leja mbili, hadi usiku wa manane UTC.
Kodi ya Marekani: fomu inajazwa, msamaha unadaiwa. Umiliki ukishindwa mtihani, 24,000 zinaandikwa.
Vibali 381.
Bandari ya kupakia: wakala alitumiwa 140,000, nimeziandika gharama.

---

Debiti_Kushoto

Mstari wa mwisho. 140,000 ni makadirio ya wakala, ulimpa amana. Hadi hesabu yake ya mwisho ije ni malipo ya awali kwenye mizania. Gharama ya Juni ni huduma zilizotolewa hadi meli ilipoondoka: rubani, matagi (boti za kuvuta meli), gati, ada za bandari. Pitia makadirio mstari kwa mstari ukilinganisha na taarifa ya matukio. Meli ilitia nanga siku mbili zaidi ya alivyokadiria, ada ya nanga itapanda. Matagi yaliyotumika ni mawili au matatu? Limbikiza kwa hicho, na tofauti na amana iache wazi kwa jina la wakala. Hesabu ya mwisho huja baada ya wiki kadhaa, wakati mwingine ikiwa na gharama za nahodha ambazo si za mkataba huu kabisa, kama fedha taslimu za mabaharia. Hizo zinahamia akaunti ya meli, si ya safari.

---

Dimareji_Tu

Na kamisheni ya dalali iongeze kipande cha dimareji kama mkataba umesema nauli, nauli mfu (ya nafasi ambayo mkodi hakuijaza) na dimareji. Asilimia 1.25 ya 28,500 ni 356.25. Kidogo, lakini dalali hasahau.